Land Rover: Gari Lililoumbwa Kufunguliwa
*Hotuba kwa vijana wanaomaliza mafunzo ya ufundi wa magari, Malindi*

Assalaam aleikum. Na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa hafla, walimu, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama mliokuja kuwaona watoto wenu wakipokea vyeti, na nyinyi vijana ambao siku ni yenu, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya kazi yetu ya ufundi. Nimeona nizungumze juu ya gari moja tu, kwa sababu gari hilo limewalea mafundi wa Pwani hii kuliko shule yoyote. Nasema Land Rover. Ile ya zamani, yenye bodi ya bapa na taa mbili zinazokutazama, ambayo bado mnaiona ikitoka Marafa na magunia, au imelala chini ya mwembe Kakoneni ikisubiri mwenye nayo apate pesa ya klachi.

Ilitoka wapi? Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini mfuko ulikuwa mtupu. Chuma kilitolewa kwa mgao wa serikali, na waliotangulizwa ni viwanda vyenye bidhaa ya kuuza nje na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover ilianzia kwenye baiskeli. Mwaka 1885, mjini Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaovuta la nyuma, na kila baiskeli inayobeba nazi na madumu ya maji hapa Malindi ni kizazi cha ile. Baadaye Rover wakaingia kwenye magari, magari ya watu wenye nafasi. Baada ya vita magari ya namna hiyo hayakuwa na soko kubwa ng'ambo, na wao walikuwa na kiwanda kikubwa Solihull, kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, kinachohitaji kazi.

Mkuu wa wahandisi wao alikuwa Maurice Wilks, na kaka yake Spencer Wilks ndiye aliyeiendesha kampuni. Maurice alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia gari la jipu (Jeep) la Willys, la Kimarekani, mabaki ya vita. Jipu lilikuwa limechoka, na spea zake kupatikana ni taabu. Ndugu hao wakajiuliza, hili likifa tununue lipi? Hakukuwa na jingine ila jipu jipya la Wamarekani. Inasimuliwa kwamba Maurice alichora umbo la gari lake la kwanza mchangani, ufukweni Red Wharf Bay.

Gari la majaribio lilikaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ya jipu lenyewe, na usukani wake ulikuwa katikati, ili lifae shambani na nchi yoyote, iwe watu wake wanaendesha kushoto au kulia. Wazo hilo la usukani halikufika mbali. Mengine mengi yalifika.

Hapa naomba wanangu mnisikilize vizuri, kwa sababu kila mnachokiona kwenye Land Rover ya zamani kililetwa na shida. Chuma cha kutengenezea bodi kilikuwa adimu, wakatumia aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya alumini iitwayo Birmabright, kwa sababu alumini haikuwa na mgao mkali. Mitambo ya kukandamiza bati lipate maumbo ya kupendeza ni ghali, wakaacha bodi iwe bapa, ikunjwe kwa mashine nyepesi. Chesisi nayo waliitengeneza kwa vipande vinne virefu vya bati la chuma vilivyochomelewa pamoja mpaka vikawa boksi. Rangi ya kwanza ilikuwa kijani, iliyosalia kwenye kazi ya ndege za jeshi. Hakuna aliyekaa akasema, sasa tutengeneze gari la kupendwa na dunia. Walitaka kitu cha kuwavusha miaka miwili mitatu, halafu warudi kwenye magari yao ya kifahari.

Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Injini ya petroli ya lita 1.6, urefu kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma inchi 80, bei pauni 450. Milango na kifuniko ulilipia zaidi. Kulikuwa na nafasi ya kufunga shafti ya kutolea nguvu, ukaendesha msumeno, pampu ya maji, hata mashine ya kupuria nafaka. Haikuchukua muda, Land Rover ikauzwa kuliko magari mengine yote ya Rover.

Toleo hilo la kwanza lilikwenda mpaka 1958, likaja la pili, na 1971 likaja la tatu, ambalo ndilo lililopata gia zinazoingia kwa ulaini kuanzia namba moja mpaka nne. Wazee wa madereva hapa watakumbuka matoleo ya kabla: kushuka namba mbili ilikuwa lazima ukanyage klachi mara mbili, katikati upige mafuta kidogo, usikilize injini kwa sikio. Dereva asiyejua alijulikana na mtaa mzima.

Mkiingia ndani ya toleo la pili au la tatu mtakuta vijiti vitatu sakafuni. Kirefu ni cha gia za kawaida. Kile chenye kichwa cha manjano, ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Chenye kichwa chekundu, ukikivuta nyuma, unaingia gia nzito, na hapo yote manne yanavuta kwa nguvu lakini polepole. Sasa nyinyi ni watu wa hapa. Mnaujua mchanga wa kando ya Sabaki, na mnaujua ule udongo mweusi wa kuelekea Garsen, ambao mvua ya masika ikiupiga haubagui lori wala trekta. Pale dereva mwenye haraka hukanyaga mafuta, gari likachimba kaburi lake lenyewe. Anayejua hupunguza upepo wa matairi, huvuta kijiti chekundu kabla hajaingia, huweka namba mbili, kisha huliacha gari lijitambae, bila hata kugusa klachi. Abiria wanatamani kushuka wasukume, gari linapita.

Ndiyo maana hadi leo mzee ukimtajia barabara ya Lamu ya zamani, kabla ya lami, jambo la kwanza analokuuliza ni mlikuwa na gari gani.

Lakini historia ina upande mwingine, na wazee waliopo hapa hawatanisamehe nikiuruka. Land Rover iliingia Kenya kama gari la serikali ya mkoloni. Ilimbeba DC, yaani mkuu wa wilaya, ikambeba polisi, na wakati wa Hali ya Hatari, 1952 mpaka 1960, ilibeba askari na ikabeba waliokamatwa. Vijijini mlio wake ulisikika kabla halijaonekana, na wengi waliposikia walijua kodi imefika. Haya yalitokea, na gari lile lile. Baada ya uhuru likabaki la serikali, lakini sasa likawa linaleta masanduku ya chanjo, daktari wa mifugo, masanduku ya kura, na mwalimu aliyehamishiwa mahali ambapo basi halifiki. Thika kukaanzishwa kiwanda kwa ubia wa serikali ya Kenya na kampuni ya magari ya Leyland ya Uingereza, hicho ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover zikaunganishwa kwa mikono ya Wakenya. Mnapoona kibao cha Leyland Kenya kwenye gari kuukuu msikichezee. Kisafisheni, mkirudishe mahali pake.

Sifa za mbali zilikuja pia. Mwaka 1955 vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walitoka London kwa Land Rover mbili, wakafika Singapore mwaka uliofuata kwa njia ya nchi kavu. Hapa kwetu, dunia ilimwona Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, amejinyoosha juu ya Land Rover. George baadaye aliishi Kora, jirani zetu wa Tana River, mpaka alipouawa na majambazi mwaka 1989. Picha za namna hiyo ndizo zilizomfanya mtalii anayeshuka Malindi leo atake kuingia Tsavo kwa lango la Sala ndani ya gari lenye sura ile.

Watu husema Land Rover inapendwa kwa sababu haivunjiki. Mimi nimeshika spana miaka yangu yote na nawaambia hilo si kweli. Land Rover huvunjika sana. Huvuja oili. Hafshafti zake za nyuma, yaani zile fimbo za chuma zinazozungusha magurudumu, kwenye matoleo ya zamani ni dhaifu: pakia kupita kiasi, kwama, halafu achia klachi kwa pupa, utausikia mlio, na gari litabaki linanguruma bila kwenda. Mapenzi yanaanzia hapo. Unashuka na spana yako, unafungua bolti sita kwenye kitovu cha gurudumu, unaivuta shafti nje bila hata jeki. Kama unayo nyingine, ndani ya muda mfupi mnaendelea na safari. Kama huna, bonyeza kile cha manjano, magurudumu ya mbele yatakuvuta mpaka nyumbani.

Bawa la mbele likigongwa na mbuyu, bolti zinafunguliwa, linatolewa lote, linanyooshwa chini kwa nyundo ya mpira, linarudishwa. Betri ikifa, kuna hendeli, na bampa lina tundu lake. Kioo cha mbele kinalala. Sakafu ni vipande, unavitoa, giaboksi hii hapa inakutazama. Waliolitengeneza walijua mnunuzi wake ni mkulima aliye mbali na gereji, wakampa gari ambalo akili yake na vyombo vyake vinaweza kulifikia. Kwa mawazo yangu hiyo ni heshima kubwa ambayo kiwanda kinaweza kumpa mtu. Mwenye gari hilo hakuwa mtu wa kupiga simu tu asubiri. Alikuwa anajua.

Sasa nije kwenye adui wa Malindi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu mlivyosomea viliandikwa na watu ambao hawaishi na upepo wa kusi.

Mwenye Land Rover atakwambia kwa fahari: bodi yangu alumini, haishiki kutu. Kweli, alumini haishiki kutu ya chuma. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Fremu za milango ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma, hewa ya bahari ikaleta unyevu wa chumvi katikati yao, basi metali hizo mbili zinaanza kulana kwa nguvu za umeme mdogo, na inayoliwa ni alumini. Mtaona rangi imevimba ukingoni mwa mlango, mkikwaruza unatoka unga mweupe. Fundi asiyejua anapaka rangi juu, anapokea pesa, mwaka ujao mteja amerudi. Fungueni. Safisheni pande zote mbili mpaka kwenye metali safi. Pakeni rangi ya kuzuia, kisha wekeni mpira au grisi nzito katikati kabla ya kurudisha bolti. Kazi hii haionekani, na mteja atalalamika kwamba umechukua siku mbili kwa mlango mmoja. Mweleze.

Chesisi nayo, kwa sababu ni boksi, huoza kutoka ndani. Mchanga na maji ya chumvi yanaingia kwenye matundu, yanakaa chini kabisa, hayatoki. Nje unaona rangi nzuri nyeusi. Gari zinazofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni zinaumia zaidi, na zile zinazoshushwa ufukweni kuvuta mashua nazo vilevile. Kabla hujakubali kazi yoyote, lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chesisi hatua kwa hatua, hasa sehemu ya nyuma na zinapokaa springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, wakati mwingine nyundo inapita. Ukikuta hivyo usibandike bati juu ya uozo. Kata mpaka ufikie chuma kizima, ndipo uchomelee. Watu watapanda gari hilo na watoto wao. Na mwambie mwenye gari, akitoka ufukweni aoshe chini kwa maji baridi, asiyatumie ya kisima chenye chumvi, aingize mpira wa maji ndani ya matundu ya chesisi mpaka yatoke safi.

Niliahidi moyoni kwamba sitasifu tu. Land Rover ilikuwa na Afrika yote mkononi, ikaiacha ichukuliwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rover iliingia chini ya Leyland mwaka 1967, mwaka uliofuata ikawa British Leyland, kampuni kubwa yenye migogoro mingi na fedha kidogo, na Land Rover ikakaa miaka mingi bila injini yenye nguvu za kutosha. Wakati huohuo Toyota, ambao gari lao la kwanza la aina hii lilitoka 1951 na kupewa jina la Land Cruiser 1954, walikuwa wanasikiliza. Walileta injini kubwa, ekseli zisizokatika ovyo, na spea zinazopatikana. Mwaka 1984 wakatoa ile ya mfululizo wa 70, ambayo mnaiona hadi leo kwa polisi, kwa mashirika ya misaada na kwa madereva wa safari hapa mjini. Nikiulizwa na mtu anayetaka gari la biashara la kwenda Tsavo kila siku, namwambia anunue Land Cruiser. Sitamdanganya kwa sababu ya mapenzi yangu.

Solihull waliamka, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 1983 wakaleta Land Rover iitwayo 110, yenye springi za koili, na abiria wa nyuma wakapumua. Jina Defender likaja 1990, pamoja na injini ya dizeli ya turbo iliyokuwa nzuri kweli, na ile iliyofuata, 300Tdi, kwangu mimi ndiyo kilele: ina nguvu, na bado haina kompyuta. Mwaka 1998 ikaja injini ya Td5, silinda tano, inayoongozwa na umeme. Kampuni nayo ilikuwa inapita mikononi: BMW 1994, Ford 2000, Tata wa India 2008. Tarehe 29 Januari 2016 Defender ya mwisho ya sura ile ikatoka Solihull. Tangu 1948 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni mbili.

Defender mpya ilionyeshwa 2019 na inatengenezwa Nitra, Slovakia. Ni gari lenye uwezo mkubwa. Lakini haina chesisi ya peke yake, bodi na chesisi ni kitu kimoja, na bila mashine ya kusoma kompyuta yake huwezi hata kujua inaumwa nini. Mkulima aliye mbali na gereji hakufikiriwa tena, na hilo linaniuma, nalisema waziwazi.

Kwa hiyo nyinyi mnaingia kazini wakati ambao fundi anatakiwa ajue dunia mbili. Jifunzeni kompyuta ya gari, tena kwa bidii, msiseme ni mambo ya Nairobi. Lakini kijana aliyeshusha giaboksi ya Land Rover, akaipanga gia kwa gia sakafuni, akairudisha ikafanya kazi, huyo mashine ikimwambia kuna hitilafu fulani ataelewa hitilafu hiyo inaishi wapi. Aliyeanza na mashine pekee atabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa pesa ya mteja mpaka abahatishe.

Msidhani mnaohifadhi haya ni nyinyi peke yenu. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha, magari mapya na makuukuu, mamia kwa mamia, na mengi yaliyofika pale yanaishi kwa mikono ya mafundi wa mitaani kama nyinyi. Kazi ipo. Wapo watu Watamu, Mambrui na Lamu bara wanaotafuta fundi wa kufufua gari la baba yao, na wako tayari kulipa vizuri wakimpata mwaminifu.

Nina ombi moja kwa wazazi na wenye magari mliopo. Nyuma ya nyumba nyingi hapa kuna Land Rover iliyosimama, imeota magugu, na kila mwezi mtu wa vyuma chakavu anapita na mizani yake. Msimuuzie kwa kilo. Ileteni hapa chuoni. Mwalimu mkuu amekubali kutenga kibanda kimoja, na mimi nitakuja Jumamosi asubuhi na vyombo vyangu, tuanze kufungua na darasa linaloingia mwezi ujao. Atakayelitoa gari lake, jina la familia yake litaandikwa ukutani, na gari likisimama tena atakuwa wa kwanza kuliendesha. Anayetaka kutoa anione mimi au mwalimu mkuu hapa nje baada ya chakula, tuko na daftari.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.